Unaanza kontenti? Namna ya kutoiba kazi za watu, toka kwetu Mtwara

Mwaka wa kwanza naanza kuposti mambo ya kusini niliandika kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kule Lindi, na ile posti ilikimbia kuliko zote nilizowahi kuandika kabla yake. Watu wakashea, magrupu ya WhatsApp ya Lindi na Nachingwea yakaipokea, mi nikalala na furaha. Asubuhi nakuta ujumbe wa mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa huku huku, kaandika kwa utulivu tu: "Hongera mwanangu. Ila mjusi hayupo London, yupo Berlin. Na hiyo aya ya pili nimeshaisoma mahali neno kwa neno. Umeitoa wapi?"

Nikakaa kitandani simu mkononi, jibu sina. Maana ukweli ni kwamba usiku ule nilifungua makala moja, nikakopi aya tatu, palipoandikwa "mabaki" nikaweka "mifupa", palipoandikwa "wataalamu" nikaweka "wazungu", nikaongeza salamu juu na emoji chini nikaona tayari imekuwa yangu. Lile kosa la London halikuwa langu hata, lilikuwa la yule niliyemkopi, lakini jina lililokaa juu ya posti ni la kwangu, kwahiyo kosa nikalibeba mimi na sifa nikaichukua mimi na vyote viwili havikuwa vyangu.

Nilivyoenda kusoma vizuri ndo nikaelewa. Mifupa ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu toka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, ikapandishwa meli, na yule mkubwa leo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13.27. Waingereza nao walikuja kuchimba pale pale miaka ya 1920 na kitu, nadhani ndo hapo mwandishi wa kwanza alipochanganya. Kama ningesoma sehemu mbili tu badala ya kukopi sehemu moja ningeliona.

Sasa juzi mdogo wangu mmoja wa Lindi kafungua peji yake ya mapishi ya pwani, kaniuliza, kaka nitajuaje hapa nimeiba na hapa sijaiba, maana kila kitu kishaandikwa. Nimeona nimjibu hapa hapa na wengine mnaoanza msome.

Kwanza, wizi ni upi

Wazo halina mwenyewe. Mtu kuandika kuhusu korosho haimaanishi na we usiandike kuhusu korosho. Taarifa nayo haina mwenyewe, kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, hiyo ni taarifa, hamna mtu anaweza kukushtaki kwa kuitaja. Kinachomilikiwa ni namna mtu alivyokisema: sentensi zake, mpangilio wake, picha yake, mchoro wake, sauti yake, klipu yake.

Kwahiyo ukikopi sentensi na kupesti bila kusema ni za nani, umeiba, hiyo kila mtu anaijua. Zinazowakamata wageni ni hizi nyingine. Kubadili maneno matatu manne huku mifupa ya sentensi ni ile ile, ni wizi. Kuchukua makala ya Kiingereza ukaitafsiri ukaweka jina lako, ni wizi, na hii naisema kwa herufi kubwa moyoni maana ndo inafanyika sana kwetu, mtu anaona kwa vile Kiswahili nimeandika mimi basi ni yangu. Hapana. Kazi ya kutafsiri ni yako, sentensi na mpangilio na mifano ni ya mwenzio, na kisheria haki ya kuruhusu tafsiri ni ya mwenye kazi. Kuchukua video ya mtu ukaondoa sauti ukaweka ya kwako nako ni hivo hivo. Na kuna ule ambao watu hawauhesabu kabisa, kuchukua stori ya mzee aliyekukalisha barazani akakusimulia masaa mawili, alafu ukaiposti kana kwamba umeota usiku. Huo nitaurudia chini kwa urefu kwasababu kwa huku kusini ndo mkubwa kuliko yote.

Alafu kuna jambo ambalo linachanganywa kila siku. Kutaja mwenye kazi na kuruhusiwa kuitumia ni vitu viwili. Ukichukua klipu nzima ya mtu ukaandika chini "kredit kwa mwenyewe", umesema ukweli kuhusu mwenye kazi, lakini ruhusa hujapewa, na hakimiliki umeivunja bado. (Na "mwenyewe" ni nani? Kama unajua jina lake liandike.) Na upande wa pili, kuna kazi ambazo muda wake wa kulindwa umeisha, kwa sheria yetu kwa kazi nyingi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa, hizo unaweza kuzitumia bila kumuomba mtu, lakini ukiweka jina lako juu yake bado umedanganya watu.

Sheria yetu ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Wengi hawajui kwamba kazi inalindwa toka pale inapotengenezwa, sio mpaka uende ukaisajili. Kwahiyo picha ya binti wa Masasi aliyopiga kwa simu yake jana jioni ina mwenyewe, hata kama hana alama yoyote juu yake. Kusajili kule Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA, kunasaidia siku mmegombana na unahitaji ushahidi. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kunukuu kipande cha kazi ya mtu kwa kiasi kinachofaa ukataja kazi na mtunzi, kwahiyo usiogope kunukuu, nukuu, ila weka alama za nukuu na jina. Na kazi za watu wa nje nazo zinalindwa hapa, Tanzania ipo kwenye Mkataba wa Berne toka 1994, ile habari ya "hawa wa nje hawatatuona" iache.

Daftari

Hapa ndo nataka ukae na mimi. Nilivyojichunguza baada ya yale ya mjusi niligundua kwamba wizi mwingi wa sisi tunaoanza hautokei wakati wa kuandika, unatokea wiki tatu kabla, wakati wa kukusanya. Unasoma kitu kwenye simu, unakipenda, unakikopi unakipesti kwenye noti za simu. Kesho unapesti kingine chini yake. Keshokutwa unaandika wazo lako mwenyewe hapo hapo. Linki hujaweka kwasababu bando lilikuwa linaisha au ulikuwa kwenye daladala. Wiki tatu baadae unafungua unakuta maandishi marefu mazuri, yote yana fonti moja, na wewe kwa dhati kabisa huwezi kujua ipi yako ipi ya mtu. Unaandika posti ukitumia hayo. Umeiba na hujajua.

Mi natumia kaunta buku, lile la kawaida la shule. Kila ukurasa nachora mstari katikati toka juu mpaka chini. Kushoto kinakaa nilichopata kwa watu, kulia kinakaa ninachofikiri mimi. Havivuki mstari. Na kushoto kila kitu kinaanza na herufi: N ni neno kwa neno, hiyo lazima iwe ndani ya alama za nukuu, K ni kwa maneno yangu, yaani nimesoma nikafupisha, M ni mdomo, nimeambiwa na mtu. Baada ya herufi naandika nimekitoa wapi: nani, wapi, lini, linki au ukurasa wa kitabu. Ninaandika muda ule ule, sio baadae.

Nikifungua ukurasa mmoja wa msimu uliopita naona hivi (ming'oko ni mizizi ya porini tunayochemsha na kula huku kusini), kushoto: "M. Mama muuza ming'oko, stendi, saa moja asubuhi. 'Ukichimba usimalize shina, mwakani utakula nini.'" Chini yake: "M. Bwana shamba, kaniambia uso kwa uso, ugonjwa wa ubwiri unga unashambulia maua ya mkorosho, salfa inapulizwa asubuhi kabla upepo haujaanza." Kulia nimeandika kwa mwandiko mbaya: "Yule mama anaongea kama mwenye shamba wakati ni pori. Kwanini? Nimuulize nani anagawa maeneo ya kuchimba." Lile swali la kulia ndo likaja kuwa posti. Sikukopi popote, halikuwepo popote.

Kama wewe mambo yako yote ni simu basi fanya hivi hivi kwenye simu, fungua noti mbili tofauti, moja iite YA WATU nyingine iite YANGU. Kwenye YA WATU usipesti kitu kabla hujapesti linki yake, linki kwanza, maneno baadae. Ukikosa muda wa kuweka linki basi usikopi kabisa, acha, utakitafuta tena. Na kama umepiga skrinshoti hakikisha jina la akaunti linaonekana, watu wanakata picha inabaki maneno matupu alafu baada ya mwezi hawajui ya nani.

Kwa wanaoandika mambo ya kilimo nawasihi sana kwenye hili. Nimeona posti ya vipimo vya dawa ya mikorosho ambayo ilitafsiriwa toka makala ya nchi nyingine, dawa nyingine, hali ya hewa nyingine, na mkulima wa Tandahimba akiisoma anaona imeandikwa na mtu wa kwao anaiamini. Kama ingekuwa na chanzo angejua hii sio ya huku. Hapa tuna kituo cha utafiti Naliendele, ni karibu tu na Mtwara mjini, korosho ndo kazi yao, nenda kaulize au muulize afisa ugani wako, alafu andika "nimeambiwa na fulani wa mahali fulani". Chanzo hapo ni usalama wa shamba la mtu.

Kuandika kwa maneno yako

Watu wanasema "andika kwa maneno yako" kama vile ni rahisi. Ukiwa na makala imefunguliwa mbele yako huwezi, macho yanarudi pale pale. Ninachofanya: nasoma mara mbili, nafunga. Nafunga kweli, sio nashusha chini. Naenda kufanya kitu kingine, kuchota maji, kutembea mpaka Shangani, chochote nusu saa. Nikirudi nachukua simu najirekodi voisi noti kana kwamba namhadithia shangazi yangu ambaye hajasoma chochote na hana subira. Shangazi ukimwambia "miongoni mwa majengo yenye mvuto wa kihistoria" atakuuliza unaumwa? Kwahiyo ulimi wenyewe unatafuta maneno ya kawaida. Alafu nasikiliza naandika nilichosema. Mwisho ndo nafungua ile makala tena, kwa kazi mbili tu, kuhakikisha miaka na majina nimeyapatia, na kuangalia kama kuna sentensi imeniganda kichwani ikatoka kama ilivyo.

Nikupe mfano, hizi sentensi nimezitunga mwenyewe hapa ili uone tofauti. Tuseme makala inasema hivi:

"Boma la kale la Mikindani, lililojengwa na utawala wa Kijerumani mnamo mwaka 1895, ni miongoni mwa majengo yenye mvuto mkubwa wa kihistoria katika pwani ya kusini."

Anayeanza anaandika hivi: "Boma kongwe la Mikindani, lililojengwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1895, ni mojawapo ya majengo yenye mvuto mkubwa kihistoria kwenye pwani yetu ya kusini." Huyo kabadili nguo tu. Weka moja juu ya nyingine uone, kila kipande kimekaa pale pale kilipokuwa.

Sasa ya kumhadithia shangazi: "Daladala ikishaingia Mikindani inua macho juu mlimani, lile jengo jeupe lenye mnara ndo Boma. Walilijenga Wajerumani 1895, walikuwa wanatawalia hapo, saivi ni hoteli, mgeni analala alipokuwa anakaa ofisa." Mwaka ni ule ule kwasababu mwaka hauna mwenyewe. Vingine vyote vimetoka kwa mtu aliyepita pale akaangalia juu. Na hapo kuna kitu nataka mkishike, kwenda mwenyewe kunakuokoa kuliko mbinu yoyote ya kuandika. Nauli ya Mikindani sio kubwa. Ukisimama pale dakika kumi unapata vitu vitano ambavyo hakuna makala inavyo, na ukishakuwa na vitano vyako huna hamu tena ya vya mtu.

Stori za wazee

Hapa niongee taratibu. Kusini yetu vitu vingi havijaandikwa, vipo kwa watu. Ukimfuata bibi wa Newala akakueleza njaa ya zamani na namna walivyoishi kwa kuchimba ming'oko porini, yule bibi ndo kitabu chako. Kwenye posti ukiandika "wahenga walikuwa wanachimba ming'oko wakati wa njaa" na ukanyamaza hapo, umemfuta. Wahenga gani? Alikuambia mtu mmoja, mzima, ana kiti chake pale nje.

Ninavyofanya mimi, nafika nasalimia, shikamoo bibi, nakaa. Simtolei simu. Tukishaongea kidogo namwambia ukweli, bibi mi huwa naandika haya mambo kwenye simu watu wa mbali wanasoma, naomba nirekodi sauti yako. Akikataa nasikiliza tu. Akikubali namuuliza mwishoni jina lake niliandike vipi. Bibi mmoja alinijibu, "Andika bibi wa Newala inatosha mjukuu wangu. Na ile ya ndani uiache." Ya ndani alikuwa anamaanisha kipande cha wimbo wa unyago alichoimba katikati ya mazungumzo, alijisahau. Ninacho kwenye rekodi mpaka leo na sijawahi kukiweka mahali wala sitakiweka. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, kila watu na taratibu zao za nani asikie na nani asisikie, na mtu kukuimbia wewe haimaanishi kakupa uwape watu elfu kumi. Hili halipo kwenye kitufe chochote cha TikTok, inabidi ulijue mwenyewe.

Na kabla ya kuposti namsomea. Kama yupo mbali nampigia mjukuu wake aweke spika. Mara mbili nimerekebishwa, mara moja nilikuwa nimekosea mwaka wa njaa kwa karibia miaka kumi.

Nirudi kwa mjusi kidogo. Kule Tendaguru walichimba watu mia kadhaa wa huku, na msimamizi wao mkubwa aliitwa Boheti bin Amrani, fundi wa kutambua na kutoa mifupa bila kuivunja. Jina lake lipo kwenye maandishi ya wale Wajerumani, na mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipotambulisha aina mpya ya dinosaria toka kwenye mifupa ile akaipa jina Australodocus bohetii, kwaajili yake. Karibia miaka mia baada ya kazi. Wale wengine wengi, waliochimba na waliobeba mizigo kichwani mpaka Lindi, majina yao hatunayo. Mimi nikisoma hiyo habari naumia, na ndo sababu nakazania hii ya kutaja. Mtu akikupa kitu andika jina lake au namna alivyotaka aitwe, leo, wakati bado unalijua.

Ngoma nazo zipo humu humu. Ukirekodi kikundi cha sindimba kwenye harusi video ni yako uliyoshika simu, lakini uchezaji na upigaji ni wao, lile neno "hakishiriki" kwenye jina la sheria ndo linawahusu watu kama hao, wapigaji na wachezaji. Ongea na kiongozi wao, muulize, andika jina la kikundi na kijiji. Nimeona video ya ngoma ya watu imepewa jina la peji kubwa katikati ya kioo na wale akina mama hawajui hata kama wapo humo.

Picha na muziki

Hapa haraka. Google sio mwenye picha, kwahiyo kuandika "picha: Google" ni sawa na kusema umeokota. Ukiipata picha itafute kwa Google Lens au TinEye uone ilianzia wapi, mpate mwenyewe, muombe. Au nenda Wikimedia Commons, huko picha zina leseni zinazosema wazi unaruhusiwa nini. Herufi za leseni hizi za Creative Commons (CC), za huko na za sehemu nyingine, ukizijua umemaliza: BY maana yake mtaje mpigaji, SA maana yake na wewe ukiibadilisha itoe kwa leseni hiyo hiyo, NC usiitumie kibiashara, ND usiibadilishe. CC0 haina masharti. Kutaja kunakaa hivi, jina la mpigaji, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, na linki. Maandishi ya Wikipedia nayo yapo kwenye CC BY-SA, yanaruhusiwa kutumika, ila kwa masharti hayo hayo, sio kuyapesti na jina lako.

Muziki, ukiwa YouTube tumia maktaba yao ya sauti za bure na usome pale kama wimbo unataka utaje mtunzi. Ule mfumo wao wa Content ID upo toka 2007, unasikia wimbo hata ukiuweka chini kwa mbali. Ukigundulika na Content ID mara nyingi pesa au video inazuiwa tu, hiyo bado sio straiki. Straiki ni mwenye kazi akiomba rasmi iondolewe, na ukifikisha tatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa. Pia kuna ile ya kontenti iliyorudiwa, unaunganisha klipu za watu unafikisha watazamaji alafu wakati wa kuomba kulipwa wanakukatalia kwasababu hamna chako humo. Jamaa yangu alikesha miezi kwa hiyo.

Na akili mnemba. Mi situmii kuandikia, lakini najua wengi mnatumia. Jua tu kwamba inaweza kukupa sentensi za watu bila kukuambia, na inaweza kukutungia vyanzo ambavyo havipo, jina la kitabu na mwaka na kila kitu. Chochote itakachokupa kiingize kwenye YA WATU, kamwe kisiingie YANGU, alafu ukakitafute mwenyewe kilipotoka kabla hujakiposti.

Kabla ya kubonyeza

Isome kwa sauti. Mahali ambapo ghafla unaanza kuongea kama taarifa ya habari, simama hapo, karibia kila mara hiyo sentensi sio yako. Chukua sentensi mbili tatu kama hizo uzitafute Google ndani ya alama za nukuu, kama zipo mahali zitatokea. Zile programu za kukagua wizi nyingi zinalinganisha maneno, ukitafsiri toka Kiingereza zinaweza zisione kitu, kwahiyo asilimia nzuri isikupe usingizi. Alafu chukua kaunta buku uangalie kila taarifa kwenye posti ina herufi yake kushoto. Isiyo na herufi, itoe au itafute.

Ikishatokea

Kama umeshafanya, usifute kimya kimya. Mi nilihariri ile ya mjusi, juu kabisa nikaandika hivi: "Aya tatu za mwanzo nilizitoa kwenye makala ya mtu bila kumtaja. Nimeziondoa na nimeandika upya. Mjusi yupo Berlin, sio London. Nimerekebishwa na mwalimu wangu mmoja wa Lindi, namshukuru." Nikamuandikia na mwandishi mwenyewe. Nilipoteza wafuasi kadhaa wiki ile. Yule mwalimu ndo bado ananisomea posti za historia kabla sijazitoa.

Na wewe ukiibiwa. Mwaka jana nilipiga picha ya ming'oko iliyochemshwa, kwenye bakuli la bluu la mama yangu lenye ufa upande wa kulia. Miezi miwili baadae naiona kwenye peji ya mapishi, wamekata pembeni jina langu halipo, lakini ufa wa bakuli upo pale pale. Nikapiga skrinshoti yenye tarehe na jina la peji, nikahifadhi linki, alafu nikamuandikia sms ya ndani kwa adabu, nikamtumia faili halisi ambalo halijakatwa linaloonyesha na mkono wa mama. Hiyo ndo sababu usifute mafaili ya mwanzo kwenye simu hata kama yanajaza, yahamishie kwenye flashi au jitumie kwenye barua pepe yako. Kama asingejibu ningejaza fomu ya kuripoti hakimiliki, mitandao yote mikubwa inayo, inataka linki ya kwako, linki ya kwake na maelezo mafupi, usiripoti kwa hasira kwa kitu ambacho sio chako maana pale unathibitisha kwamba unasema kweli.

Alijibu siku ya pili. Ni dada mmoja, alikuwa ameikuta kwenye grupu akadhani haina mwenyewe. Akaweka jina langu, akaniuliza ming'oko zinachemshwa muda gani na kama zinaweza kufika Dar bila kuharibika. Nikamuuliza mama, nikamjibu, nikamwambia akiandika amtaje mama.